Pine Ingae, Nguo Ibaki Safi

Namna ya kupakaa dawa kwenye mapine makubwa ya kamio na ya pick-up



Siku ya posho asubuhi, pita kwenye fasi yoyote ya kuoshea magari, ikuwe Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi. Utakuta vijana na ndoo, brosi na bidoni. Kamio imetoka kwenye karieri, vumbi nyekundu imefika mpaka kwenye vioo. Wanaosha kabine, wanaosha karoseri, kiisha wanafika kwenye mapine. Kijana mumoja anachovya kitambaa ndani ya kopo ya mafuta meusi, anapakaa pine yote, juu na chini. Pine inangaa sawa kiatu cha bwana arusi. Shofere anafurahi, analipa, anaondoka.

Kilometri mbili mbele, angalia tena ile gari. Vumbi yote ya njia imejibandika kwenye pine. Kwenye mulango kuko mustari wa matone meusi. Mama mwenye alipanda nyuma amegusa pine na kikwembe chake, na ile alama sabuni haitaiweza. Kama gari ile inaenda kubeba watu wa arusi, robe nyeupe ya bibi arusi iko ndani ya hatari.

Kungarisha mapine ni kazi nzuri. Gari safi inaleta heshima kwa mwenyeji wake, na vijana wengi wanapata chakula cha jamaa kwa kazi hiyo. Lakini kuko njia ya kuifanya bila kuchafua gari, nguo, mikono na maji ya muji. Njia hiyo iko na maneno matatu tu: pine ikuwe safi na kavu, dawa ikuwe kidogo, na upanguse mbele ya gari kuondoka. Tuangalie moja kwa moja.

UCHAFU UNATOKA WAPI?

Pine ya taksi ndogo na pine ya njia mbaya si namna moja. Pembeni, pine ya taksi iko laini, unapitisha kitambaa mara moja, imeisha. Lakini pine za pick-up za karieri na za makamio ya mizigo ziko na meno makubwa. Mara nyingi meno yale yanashuka mpaka pembeni, na katikati ya jino na jino kuko bonde. Tena kuko maandishi makubwa yenye kuinuka. Kila bonde ni sawa kijiko: dawa inakaa ndani. Ukiangalia kwa juu unafikiri imekauka, kumbe ndani ingali maji.

Sasa gari inaondoka. Pine yenye urefu wa metri 1 toka chini mpaka juu, kama gari inakimbia kilometri 60 kwa saa, inazunguka zaidi ya mara 5 kila segonde. Mumeona mbwa akitoka mutoni? Anajikungusha, na maji yanaruka pande zote. Pine inafanya vile vile na dawa yenye ilibaki ndani ya mabonde. Inaitupa kwenye mulango, kwenye karoseri, na kwenye mutu mwenye kusimama karibu.

Sababu ya pili ni vumbi ya chini. Kama haukusugua pine vizuri, dawa haishike mupira, inashika vumbi. Inakuwa sawa potopoto nyeusi, na ukiigusa inakuja kwenye mukono.

Sababu ya tatu watu wengi hawaijue. Pine ya zamani inakuwa rangi ya kahawia, na tunafikiri ni uchafu wa njia tu. Lakini wenye kutengeneza mapine wanachanga ndani ya mupira nta na dawa za kuulinda juu ya jua na hewa, ili usipasuke. Pole pole dawa zile zinatoka ndani, zinafika juu ya ngozi ya pine, na hewa inazigeuza kahawia. Ni ulinzi, si ugonjwa. Ile ya juu unaweza kuisugua na sabuni bila kuogopa, nyingine itakuja kutoka ndani. Lakini ukipakaa dawa ya kungarisha juu ya ile kahawia, inachangana nayo na inachafua kitambaa chako kila mara.

MAFUTA YA ZAMANI NI ADUI

Fasi mingi watu wanatumia mafuta yenye yametoka ndani ya motere, ao mazutu, sababu hayana bei. Tusikilize vizuri: bei iko, lakini inalipwa nyuma.

Kwanza, yanaharibu pine. Vijana, mufanye hii mutiani nyumbani. Kamata kamba mbili ndogo za mupira, zile zenye watu wanafungia feza. Moja uiweke ndani ya kopo yenye mazutu kidogo, ingine uiache kavu. Kesho yake uzipime pamoja. Ile ya mazutu itakuwa imevimba, imekuwa laini, na ukiivuta inakatika upesi. Mafuta ya motere yanafanya kazi ile ile, pole pole. Na mapine ya makamio yako na mupira mwingi wa asili, wa muti, kupita mapine ya magari madogo. Ni ule mupira wenye haupendi mafuta hata kidogo. Pine ya kamio ni mali ya bei kali. Kuilainisha na mafuta machafu ili ingae siku moja ni hasara.

Pili, yanaharibu mutu. Mafuta yenye yamepikwa ndani ya motere miezi na miezi yamebeba moshi, masizi na vumbi ya chuma. Yakikaa kwenye ngozi kila siku, kwa miaka, yanaweza kuleta kansere ya ngozi. Kijana mwenye kuosha magari anayapakaa na mikono mitupu, anapangusa jasho ya uso na mikono ile ile, kiisha anakula mukate. Wazazi, muangalie mikono ya watoto wenu wenye kutumika kazi hii.

Tatu, yanaharibu maji. Fasi za kuoshea magari mara nyingi ziko karibu na muto ao kisima. Ofisi ya serikali ya Marekani yenye kulinda mazingira, EPA, inasema mafuta yenye kutoka katika gari moja, kwa kubadilisha mara moja tu, yanaweza kuharibu galoni 1.000.000 za maji safi. Ni karibu litri milioni 3,8, ao maji ya watu 50 kwa mwaka muzima. Na chini ya muto kuko mama mwenye kuchota.

Basi mafuta ya zamani yarudi ndani ya bidoni, yafungwe, na yapelekwe kwenye karaje yenye kuyakusanya. Hapana kuyamwanga chini, na hapana kuyapakaa kwenye pine.

DAWA YA NAMNA GANI INAFAA?

Kwenye maduka kuko dawa za mapine za namna mbili. Usisome tu jina, angalia dawa yenyewe.

Dawa ya maji iko nyeupe sawa maziwa. Ndani yake mara nyingi kuko silikoni yenye imechangwa na maji. Maji yanakauka, silikoni inabaki juu ya pine kama ngozi nyembamba. Haingae sana sawa kioo. Inaleta rangi nyeusi ya pine mupya. Inakauka vizuri, vumbi haijibandike sana, na kwa njia zetu za vumbi hiyo ndiyo muzuri zaidi.

Dawa ya mafuta iko angavu, nzito, na inanuka sawa esanse. Inangaa sana na inakawia hata mvua ikipiga. Lakini inakawia pia kukauka, inaruka kwenye karoseri, na inashika moto upesi. Usiitumie karibu na mbabula ao na mutu mwenye kuvuta sigara.

Mwenye kukosa zile mbili anaweza kutumia glycerini ya farmasi: kipimo kimoja cha glycerini, kipimo kimoja cha maji, utikise vizuri. Haiharibu mupira. Mvua ya kwanza itaiosha, na usipoipangusa vizuri itanata kidogo. Lakini kwa siku ya arusi ao ya kupokea wageni inatosha.

KAZI YENYEWE

1. Simamisha gari ndani ya kivuli, fasi ya sawasawa. Shofere azime motere, afunge freni ya mukono, na uweke jiwe ao muti mbele na nyuma ya pine. Ngojea pine ipoe. Ukiigusa na mukono na ingali moto, dawa itakauka mbele haujaieneza, na utaongeza ingine bure.

2. Osha mapine mbele ya kupakaa kitu chochote. Mwanga maji, toa potopoto ndani ya mabonde na kipande cha muti, si na chuma chenye ncha. Kiisha tumia maji ya sabuni na brosi ngumu. Sugua ukizunguka, jino kwa jino. Angalia povu: kama iko kahawia, mwanga maji na urudilie. Povu ikibaki nyeupe, pine iko safi. Kwa pine ya karieri, mara mbili ao tatu si ya kushangaza. Mazutu na esanse haziingie katika kazi hii.

3. Kausha. Hapa ndipo wengi wanakimbia. Maji yenye kubaki ndani ya mabonde yanaifukuza dawa. Kama kuko kompresere, pulizia mabonde na maandishi. Kama haiko, pangusa na kitambaa kavu na uache pine karibu nusu saa. Wakati ule osha vioo vya ndani.

4. Kinga janti. Kata kartoni kwa duara, kipimo cha janti, na uishikilie pale unapopakaa. Kartoni moja inatumika miezi.

5. Vaa sashe za plastiki kwenye mikono kama hauna kitu kingine. Mwanga dawa kwenye kipande cha eponji, si juu ya pine. Vijiko viwili vya supu vinatosha kwa upande mumoja wa pine ya kamio. Kimoja kwa pine ya pick-up. Anza juu, zunguka mpaka ufike pale ulianzia.

6. Eponji haifike chini ya mabonde. Kwa kazi ile, tumia brosi ndogo ya kupakaa rangi, yenye upana wa santimetri 4 ao 5. Chovya ncha tu, kiisha ipitishe ndani ya kila bonde na kuzunguka maandishi. Kama unaona dawa inatiririka, umepita kipimo.

7. Ngojea dakika 10 mpaka 15. Kiisha kamata kitambaa kavu na upanguse pine yote, zaidi ndani ya mabonde. Utaogopa kwamba unatoa kazi yako. Hapana. Dawa yenye inafaa imekwisha kushika mupira. Unatoa tu ile yenye ingeruka kwenye mulango.

8. Fasi ya pine yenye inakanyaga udongo haukuifikia vizuri. Vijana watoke mbele na nyuma ya gari, shofere aisogeze nusu ya muzunguko, umalizie. Halafu gari ipumzike nusu saa ingine kwa dawa ya maji. Kwa dawa ya mafuta ni muzuri ikae masaa kadhaa, ao ipakwe mangaribi na gari iondoke kesho.

Kwenye kamio ya mapine 10, mapine ya nyuma yamekaa mbili mbili. Ile ya ndani haionekane, usiipakae. Inabaki mapine 6 yenye kuonekana: mbili za mbele na nne za nyuma. Vijiko viwili kwa kila moja ni vijiko 12, karibu mililitri 180. Kopo ya nusu litri inaweza kungarisha kamio mbili na inabakia. Mwenye kumwanga ovyo anaimaliza kwenye kamio moja, na bado anachafua mulango.

FASI ZENYE HAZIGUSWE

Dawa ni ya pembeni tu. Uso wa pine, ule wenye kukanyaga njia, usipate hata tone. Silikoni inateleza. Gari yenye tani mingi juu yake inahitaji uso wote wa pine kwa kusimama.

Freni pia usiziguse: ngoma, diski na plaketi. Kama dawa ilirukia pale, sema. Shofere ajue, na mekanisia asafishe mbele gari haijaingia katika njia. Kunyamaza sababu ya kuogopa kukosa feza ya kazi kunaweza kuleta kifo pale njia inashuka.

Usipakae kwenye ngazi ya kupandia kabine wala kwenye pedali. Shofere akiteleza pale, ataumia.

Na kwa vijana wa moto ya taksi: mapine ya moto hayapakwe dawa ya kungarisha hata kidogo. Moto inalala upande ikigeuka, na inakanyaga na pembeni ya pine. Pine ya moto inaoshwa na maji na sabuni, imeisha.

Neno lingine kwa wenye karaje: usipulizie silikoni fasi yenye wanapakaa rangi. Ikifika kwenye bati, rangi itakataa kushika na itafanya vitundu-vitundu sawa macho ya samaki.

PINE YENYE KUNGAA INAWEZA KUDANGANYA

Tunajua kwamba mapine mengi yenye tunauziwa ni ya okazyo, yametumika kule Ulaya ao fasi ingine. Muuzaji anayapakaa dawa, yanakuwa meusi sawa mapya, na mununuzi anatoa feza kwa furaha. Chini ya ule weusi kunaweza kuwa nyufa.

Mbele ya kulipa, omba maji ya sabuni na kitambaa, usafishe kipande cha pembeni. Muuzaji wa kweli hatakatala. Angalia chini ya meno na karibu na janti kama kuko nyufa. Pitisha mukono ndani ya pine, utafute fasi yenye kuvimba ao kiraka. Kiisha tafuta herufi DOT pembeni. Kwenye mapine yenye yalitengenezwa tangu mwaka wa 2000, maandishi yale yanamalizika na nambari nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mufano, 1418 ni juma la 14 la mwaka wa 2018. Nambari zile zinaweza kuwa upande mumoja tu wa pine, basi geuza pine. Kama mwisho uko na nambari tatu tu, pine ile ilitengenezwa mbele ya mwaka wa 2000, iache pale.

Na wewe kijana mwenye kuosha, hakuna mutu mwenye kuangalia pine ya kamio karibu sana kupita wewe. Shofere anaipiga teke na kupanda. Wewe umeipitia jino kwa jino. Umeona musumari, umeona jiwe lenye kufungwa katikati ya mapine mbili za nyuma, umeona waya wenye kutokea. Sema: «Papa, hii pine si muzuri.» Kama anakujibu ufunike tu na dawa, kataa kwa heshima. Juu ya mizigo ya kamio ile kutapanda mama na watoto, na toka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometri 300.

NYUMBANI

Dawa ikae ndani ya kopo yake, na jina lake juu. Hapana kuitia ndani ya chupa ya sukari-maji ao ya maziwa. Dawa ya maji iko nyeupe. Mutoto mwenye kiu hataweza kuitofautisha. Mutoto akikunywa dawa ya mafuta, mazutu ao petroli, usimulazimishe kutapika, sababu ikirudi inaweza kuingia katika mapafu. Mupeleke kwa dispansere mara moja, na mubebe kopo pamoja ili muganga aone. Vitambaa vya kazi vioshwe mbali na nguo za jamaa.

Mwisho, kipimo kidogo chenye hakina bei. Mbele ya kumuambia shofere gari iko tayari, kamata kitambaa cheupe, kikavu, na uipitishe pembeni ya pine, ndani ya mabonde pia. Kikitoka cheusi, pangusa tena. Kikibaki cheupe, muite shofere. Hata bibi arusi anaweza kupita karibu na ile pine.